Bunduki ya Rehani Ina Bei Gani?

Oktoba 1971, mwanamume mmoja aliingia duka la rehani huko Oxnard, California, akaacha bunduki ya mkewe aina ya Winchester na kupewa dola 25. Baadaye akapeleka nyingine mbili, akapata dola 10 na dola 15.

Fedha kiduchu, lakini ndivyo biashara hii inavyokwenda Marekani. Mwenye duka hukagua kutu, mtutu, jina la kiwanda na vipuri vilivyobadilishwa, hupekua kitabu cha bei za silaha kuukuu, kisha hukopesha sehemu tu ya bei anayotarajia kuuzia. Lazima ajilinde: mteja huenda asirudi, na leseni ya serikali kuu na daftari la kila silaha ni mzigo wake.

Mteja naye, akirudi, ana kazi. Mwaka 1974, katika kesi ya bwana yuleyule wa Oxnard, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kukomboa bunduki ni kuipata upya kutoka kwa mfanyabiashara. Tangu 1998, kwa kawaida mkombozi huchunguzwa rekodi zake kama mnunuzi yeyote. Akikutwa na hatia ya kosa kubwa la jinai, harudishiwi silaha hata akilipa deni na riba yote.