Betri Kuukuu na Afya ya Mtoto Wako

Leo nazungumza na mama, baba, nyanya, na yeyote anayelea mtoto.

Kila siku kampuni hututangazia maendeleo: taa za sola, simu mpya, pikipiki za umeme. Ni kweli, taa ya sola ni bora kuliko moshi wa koroboi. Lakini kuna swali ambalo tangazo halijibu. Betri ikifa, inakwenda wapi?

Betri za magari, na baadhi ya betri za sola, zina risasi. Si risasi ya bunduki, bali ni madini mazito yenye sumu. Betri hizo hununuliwa na watu wa vyuma chakavu, zikavunjwa na kuyeyushwa. Ikiwa kazi hiyo inafanywa ovyo, moshi, vumbi na maji machafu huingia majumbani mwa watu.

Haya yalitokea Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mombasa. Kando yake palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi kiwandani humo. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi nyingi katika damu. Mama huyo aliacha kazi, akaungana na majirani kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaidhinisha uamuzi huo. Lakini mama, fidia haiponyi ubongo wa mtoto ulioharibika.

Kwa nini mtoto ndiye huumia zaidi? Yeye hutambaa chini na kutia vidole kinywani. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Risasi hupunguza damu na kudhoofisha akili, hata mtoto akawa mzito wa kujifunza. Mama mjamzito naye huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Sasa, ufanye nini?

1. Usiweke betri kuukuu ndani ya nyumba, wala usimpe mtoto achezee. Usiifungue na usimwage maji yake.

2. Usichome nyaya, simu mbovu wala redio kuukuu. Moshi wake ni sumu.

3. Kama baba au kaka anafanya kazi ya betri au vyuma chakavu, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake za kazi zifuliwe peke yake.

4. Mnawishe mtoto mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio hutimua vumbi.

5. Mlishe vyakula vya kuongeza damu na kuimarisha mifupa: maharagwe, mboga za majani, omena na maziwa. Mtoto mwenye njaa hufyonza risasi zaidi.

Ukiona mtoto ana maumivu ya tumbo yasiyokwisha, anakosa hamu ya kula, au amepauka, mpeleke kliniki. Degedege ni hatari. Usingoje hata saa moja. Mwambie daktari kama mnaishi karibu na mahali pa betri, kwa sababu dalili hizi hufanana na za maradhi mengine. Ni kipimo cha damu tu kitakachothibitisha. Usiache kunyonyesha kabla ya kupata ushauri wake.

Na ukinunua sola au betri, muulize muuzaji: ikifa, mtaichukua? Moshi wa kiwanda ukiingia mtaani mwenu, msinyamaze. Nendeni pamoja kwa chifu, afisa wa afya na NEMA.

Maendeleo ni mazuri, mama, lakini mwanao asiyalipie kwa afya yake. Hadi tukutane tena, kwaheri.