Taa Chini ya Pishi: Neno Kuhusu Kipimo cha Haki

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika Jubilei ya miaka 100)



Katika Mathayo 5:15 Bwana Yesu anafundisha kwamba taa haiwashwi ili ifichwe. Chombo kinachotajwa pale, katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ni pishi. Pishi ni kipimo cha nafaka cha watu wa pwani tangu kale: vibaba vinne hufanya pishi moja, yaani kama ratili sita. Mwinjili mwenyewe alitaja kipimo cha Kirumi kipatacho lita 9. Martin Luther, alipowafasiria Wajerumani, aliandika Scheffel. Waingereza waliandika bushel, kipimo chao cha galoni 8. Wafasiri wa Habari Njema wakachagua debe. Kila mfasiri alitafuta chombo ambacho msomaji wake alikuwa nacho nyumbani. Vyombo hivyo havilingani kwa ukubwa, lakini vyote ni vya kupimia nafaka.

Uyole haihitaji kuelezwa debe ni nini. Bati la mafuta ya taa la galoni 4 lilipokwisha kazi yake ya kwanza liligeuka kipimo cha mahindi na maharage, na mawili yake hutosha bushel moja. Debe sita huhesabiwa kuwa gunia. Kwa kipimo hicho watoto wamesomeshwa, mahari yametolewa, na sadaka za Sikukuu ya Mavuno zimeletwa madhabahuni.

Uyole ni njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana hapa na ile ya Tukuyu, Kyela na Malawi. Hapa pia ndipo kilipo kituo cha utafiti kilichowapa wakulima maharage ya Uyole 84 na Uyole 94. Mbegu bora imeongeza mavuno, lakini mavuno hayo yanapofika kando ya barabara hukutana na lumbesa.

Mnunuzi wa lumbesa hapunguzi bei, hukuza gunia. Juu ya gunia lililojaa hushonewa kilemba, viazi vikaongezwa, na malipo yakabaki ya gunia moja. Mkulima anakubali kwa sababu lori linasubiri, viazi vinaoza, na ada ya shule inadaiwa. Kilemba kikibeba debe mbili, mwenye kuuza magunia matatu ametoa debe sita bure, yaani gunia zima. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiipiga vita desturi hiyo, lakini sheria peke yake haijaimaliza.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wauzaji waliopunguza kipimo. Lumbesa ni dhambi ileile iliyogeuzwa: anayepunja sasa ni mnunuzi, naye hupunja kwa kuongeza. Wengine hujitetea kwa Luka 6:38, panapotajwa kipimo kilichoshindiliwa na kufurika. Lakini kufurika kule ni kwa mtoaji aliyetoa kwa hiari. Kinachofurika kwa kulazimishwa hakiitwi baraka, ni unyang'anyi.

Jambo hili liko ndani ya Kanisa. Katika benchi moja huketi mkulima, dalali, mpakiaji na mwenye lori. Wote huimba pamoja Jumapili, na Jumatatu hukutana penye gunia. Hapo ndipo mahubiri ya juzi yanapopimwa.

Kwa hiyo Usharika unaoingia karne ya pili una kazi iliyo karibu. Wazee wa Kanisa waweza kuhakikisha kwamba mazao ya sadaka yanapimwa kwa mizani iliyokaguliwa, mbele ya watu. Wakulima waweza kuuza kwa pamoja, ili asiwepo anayeachwa peke yake mbele ya lori. Naye mfanyabiashara Mkristo aweza kuwa wa kwanza kukata kilemba.

Miaka 100 taa imewaka. Bwana alionya isiwekwe chini ya kipimo. Kipimo cha udhalimu, kiwe pishi, debe au gunia, chatosha kuifunika.

Amina.