Kabla ya Kopo la Vitamini

Wahitimu, jua la Handeni halisubiri hotuba ndefu.

Mnahitimu ufugaji wa samaki katika mkoa wenye historia yake. Mwaka 1949 majaribio ya kwanza ya kufuga perege nchini yalifanyika Korogwe, sambamba na Malya kule Mwanza. Mabwawa yalichimbwa mengi, yakafa kwa ukame na usimamizi mbovu.

Siku hizi kuna adui mwingine. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, bomba la dawa halikauki kwenye mahindi yetu. Mtu akimaliza kupuliza, anashuka kuliosha kwenye mfereji unaoingia bwawani. Jioni perege wanaelea ubavu, midomo juu, matamvua yanahema mbio. Dawa ya klopirifosi huvuruga neva. Dawa za pairethroidi, tunazoziona nyepesi kwetu, kwa samaki ni sumu kali. Na kiasi kisichoua siku hiyo hubaki kulitesa ini.

Hapo ndipo vitamini zinapokuja. Perege hajitengenezei vitamini C. Akiikosa, uti wa mgongo hupinda. Vitamini E nayo hulinda mafuta ya kuta za seli, ambayo sumu huyashambulia. Majaribio ya kulisha sato vitamini hizo, mengi yakiwa ya Misri, yameonyesha kwamba wakikutana na dawa huumia kidogo. Huumia kidogo, sikusema hawaumii. Na samaki aliyenusurika bwawani si lazima awe salama mezani.

Pumba na mashudu tunayochanganya nyumbani hayana vitamini C ya maana, na ukiitia ya kawaida kisha ukapika chakula, moto unaimaliza. Ipo iliyofungwa na fosfati, inayostahimili joto. Ulizeni hiyo dukani, na msome tarehe kwenye kopo, maana vitamini huchakaa hata bila kufunguliwa.

Mkulima atawauliza awape samaki wake dawa gani. Nanyi mwulizeni kwanza maji yake yanapita shambani kwa nani. Bwawa liwe na mlango wa maji unaofungika kweli, na jirani wa juu aombwe kutoa taarifa siku moja kabla ya kupiga dawa. Akikataa, mpelekeeni kitoweo cha perege, kisha mwombeni tena.