Miezi Kumi na Mmoja

Msikilizaji, Wayahudi washika dini husadiki kwamba Masihi atakuja, na kwamba wafu watafufuliwa. Maimonides, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1204, aliyatia yote mawili katika misingi 13 ya imani yao. Lakini tazama desturi moja. Mwana akifiwa na baba yake husoma kila siku sala iitwayo Kadishi. Ajabu, sala hiyo haitaji kifo hata mara moja. Humtukuza Mungu na kuomba ufalme wake uje upesi. Sasa, walimu wao wa kale walifundisha kwamba waovu huhukumiwa miezi 12 baada ya kufa. Basi wengi huikoma sala hiyo mwezi wa 11. Kwa nini? Mwana akiendelea mpaka wa 12, amekiri mbele ya watu kwamba baba yake alikuwa mwovu.