Mashini Nzee na Ubongo Mpya
(Maneno yaliyosemwa na mafundi wa mashini katika mkutano wa tawi la karakana)



Halmashauri ya tawi imetuomba sisi wa mashini tueleze habari ya ile milingi kubwa ya C.N.C. iliyosimama, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wasema imekufa. Wengine wamesikia itauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na mafundi wake wapelekwe kwenye kazi ya daraja la chini. Basi twaomba masikio yenu, na wale wasiofanya kazi ya mashini wasichoke, kwa sababu jambo hili litawafikia wao pia.

Milingi ni mashini ya kuchonga chuma. Kisu huzunguka, na meza iliyobeba chuma husogea chini yake, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kisu hupanda na kushuka. Zamani fundi alizungusha magurudumu kwa mikono. Katika C.N.C. mota ndizo zinazozungusha, na kompyuta ndiyo inayoziamuru. Kwa hiyo mna vitu viwili katika mwili mmoja, chuma na kabati la umeme, na umri wao si sawa. Chuma kizito kikitiwa mafuta kila siku hudumu miaka arobaini na zaidi. Kabati huchoka mapema. Kapasita hukauka, kioo hufifia, kadi hazitengenezwi tena kiwandani, na ile betri ndogo ya kulinda kumbukumbu ikiisha, hesabu zote za mashini hupotea, hata haijui tena urefu wa meza yake. Hiyo ndiyo habari ya milingi yetu. Kabati limekufa, chuma ki hai.

Kulitoa kabati la zamani na kutia jipya si maarifa ya jana. Milingi ya kwanza kabisa ya kuongozwa kwa hesabu, iliyoonyeshwa watu mwaka 1952 huko M.I.T., Marekani, ilikuwa mashini ya kawaida ya Cincinnati iliyokwisha kutengenezwa, ikavuliwa viungo vyake vya kuiongoza ikavishwa vingine. Kabati lake lilikuwa na valvu karibu 300, kama zile za redio za wazee wetu, na hesabu zilisomwa kutoka utepe wa karatasi wenye matundu. Kisha katika miaka ya 1990 idara ya vipimo ya Serikali ya Marekani, N.I.S.T., iliandika programu ya kuongoza mashini, ikaijaribu katika karakana ya General Motors huko Pontiac, Michigan, juu ya mashini ya Kearney & Trecker. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya Serikali, watu waliruhusiwa kuinakili bure. Tangu mwaka 2011 inaitwa LinuxCNC, na yafanya kazi katika kompyuta ya kawaida. Twataja hayo ili mtu asituambie kwamba lazima tungoje mwenye kiwanda cha ng'ambo, ambaye huenda kiwanda chake kilikwisha fungwa.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza ni kupima chuma, kabla ya kununua hata waya mmoja. Twaweka geji ya saa kwenye meza, twaisukuma na kuivuta, tuone pleyi iliyoko katika skrubu ya gololi. Twapima njia za meza kama zimelika katikati, mahali pa kazi nyingi. Twasikiliza beringi za spindo. Ubongo mpya hauwezi kunyosha njia iliyolika, na mwenye kuwaambia kwamba programu itafidia kila kitu anauza programu. Pleyi ndogo yaweza kufidiwa, ndiyo. Kubwa yataka beringi na nati mpya. Hapa twataka mzee wa tupa na geji kuliko kijana wa kompyuta.

Pili ni mota. Kama mota za zamani ni nzima hubaki, hubadilishwa brashi tu. Draivu nyingi za zamani hupokea amri kwa volti, kutoka 10 za hasi mpaka 10 za chanya, na kadi mpya zaweza kutoa volti hizo. Nyuma ya mota kuna enkoda, jicho la kuhesabu mzunguko. Tuseme skrubu husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko mmoja, na mota imeshikana nayo moja kwa moja. Enkoda yenye mistari 1,000 husomwa mara nne kwa kila mstari, yaani hesabu 4,000. Gawanyeni 5 kwa 4,000, mwapata 0.00125 ya milimita. Huo ndio udogo wa hatua ambayo mashini yaweza kuiona. Kuona si kuchonga, lakini pasipo kuona hakuna kazi.

Kuna jambo moja ambalo lazima tulikazie. Kifungo chekundu cha hatari kikate umeme wa mota kwa waya na kontakta, kisipite katika programu peke yake. Kompyuta yaweza kuganda wakati mkono wa mtu uko mezani. Na kichwa cha spindo ni kizito. Umeme ukikatika bila breki au uzito wa kukisawazisha, kitashuka chenyewe. Siku ya kuwasha mara ya kwanza kisu kitolewe, meza iwekwe katikati, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuweka kidole kwenye kifungo. Waya za enkoda zikiunganishwa kinyume, mota hujiona inarudi huku inakwenda, huzidisha nguvu, na meza hukimbia mpaka ukingoni. Baada ya hapo ndipo huja kulinganisha nguvu za mota, pole pole: ikipewa nguvu kidogo mno meza hubaki nyuma ya amri, ikizidishiwa hutetemeka na kulia kama mbuzi. Ni kazi ya siku nyingi, na aliyezoea sauti ya mashini hiyo huifanya upesi kuliko mgeni.

Kazi hii yote, ndugu, kwa kawaida hugharimu sehemu tu ya bei ya mashini mpya.

Lakini kuna swali ambalo ofisi haijalijibu. Kabati jipya likiwaka, nani ataandika programu? Baada ya vita vya 1939–1945 kampuni ya General Electric huko Marekani ilijaribu njia ambayo fundi huchonga chuma cha kwanza kwa mikono yake, na utepe hunasa mwendo wake, kisha mashini huurudia. Ujuzi ulibaki kwa fundi. Njia hiyo iliachwa, ikashika ile ya programu kuandikwa ofisini. Mwanachuoni David Noble aliandika mwaka 1984 kwamba sababu haikuwa ya ufundi peke yake. Matajiri walitaka ujuzi uhame kutoka sakafuni kwenda kwa mabwana wa meza. Wengine hawakubaliani naye. Sisi twaona karibu yuko sawa, maana tumekwisha kusikia maneno "kijana wa kubonyeza tu" yakitajwa katika mkutano wa ofisi, pamoja na mshahara wake.

Na kompyuta ya leo haina haja hiyo. Fundi aweza kuandika programu papo hapo mashinini, akaitazama ikichora njia ya kisu kwenye kioo kabla ya kugusa chuma. Aliyesoma darasa la nane aweza kujifunza. G1 ni kwenda kwa mstari ulionyoka, G2 na G3 ni kuzunguka kwa duara, X na Y na Z ni mahali. Sisi wenyewe tulisoma shule ya misheni hata darasa hilo, na tumezisoma.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa ofisi kupitia Katibu. Twaomba milingi isiuzwe kabla ya chuma chake kupimwa mbele ya mafundi wetu wawili, na karatasi ya vipimo ibandikwe hapa ubaoni. Twaomba pia mapatano yaandikwe kabla kabati halijafunguliwa, kwamba waliokuwa kwenye mashini hiyo watafundishwa programu katika saa za kazi, na daraja lao halitashuka. Ofisi imeahidi kutuita, bado siku.

Wanaotaka kufundishwa wampe Katibu majina yao kabla ya Ijumaa. Wazee wa geji pia waandike, msiwaachie vijana peke yao.