Lugha Iombwayo na Lugha Itolewayo: Kiswahili katika Akiba za Wavuti

Ushongo ni kijiji cha pwani wilayani Pangani, mkoani Tanga. Ichukuliwe mathalani hoteli moja ya ufukweni kijijini humo, ambamo mgeni Mjerumani na mpishi mwenyeji wanatumia mlango mmoja wa intaneti. Mgeni anafungua tovuti ya lugha nyingi na kupewa ukurasa wa Kijerumani. Baada ya muda mfupi mpishi anafungua anwani ile ile kwa simu iliyopangwa kwa Kiswahili, naye anapewa Kijerumani. Swali la kiisimu ni hili: nani aliyeamua kwamba mpishi huyu ni Mjerumani?

Kivinjari kinapoomba ukurasa hutaja pia lugha azipendazo msomaji, kwa misimbo na uzito wake: kwanza sw-TZ, kisha sw, mwisho en. Seva hulinganisha orodha hiyo na lugha ilizo nazo, ikachagua. Lakini kati ya kivinjari na seva huweza kukaa akiba, yaani nakala za kurasa zilizokwisha kuombwa. (Wataalamu wa kompyuta husema kache, neno akiba lina faida ya kueleza kazi yenyewe.) Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya nchi ilipitia setilaiti kwa gharama kubwa, na akiba ilikuwa ukombozi. Ila akiba huitambua nakala kwa anwani yake. Seva isipotamka, kwa kichwa kiitwacho Vary, kwamba jibu lake hutegemea lugha iliyoombwa, nakala ya mgeni huwa nakala ya wote.

Hata seva ikitamka, jambo haliishi. Orodha ya "sw-TZ, sw, en" na ile ya "sw, en" ni maandishi mawili tofauti machoni pa akiba, ingawa wasomaji wote wawili wangepewa ukurasa ule ule. Nakala huzidi, faida hupungua. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina anwani yake yenyewe: lugha imo katika jina, wala haihitaji kukisiwa.

Lililo zito zaidi limo katika ulinganishaji. Kwa kanuni za HTTP/1.1 za mwaka 1999, aombaye "sw" aweza kupewa ukurasa wenye alama ya "sw-TZ", lakini aombaye "sw-TZ" peke yake hapatani na ukurasa wenye alama ya "sw". Mtanzania aliyejitambulisha kwa usahihi zaidi ndiye anayesukumwa kwenye Kiingereza! Mwongozo wa RFC 4647 wa mwaka 2006 ulieleza njia ya kukata msimbo hatua kwa hatua, "sw-TZ" ikawa "sw". Njia hiyo haimfai msemaji wa Kiswahili cha Kongo, ambaye msimbo wake, swc, hauna kistari cha kukatwa. Kimtang'ata, lahaja ya pwani hii ya Pangani ambayo Whiteley aliiandikia kitabu mwaka 1956, hakina msimbo wake katika ISO 639-3. Kimemezwa ndani ya swh.

Siku hizi kurasa nyingi husafiri zikiwa zimefichwa kwa HTTPS, hivyo akiba ya hotelini haiwezi kuzisoma. Kosa limehamia kwenye akiba zinazokodiwa na wenye tovuti, ambazo baadhi yake hutazama anwani tu zisipoelekezwa vingine.

Mtafiti anayehesabu maombi ya Kiswahili katika kumbukumbu za seva hana budi kuzingatia haya. Ombi lililojibiwa na akiba halikuifikia seva. Simu iliyouzwa ikiwa imepangwa kwa Kiingereza huomba Kiingereza kwa niaba ya mtu asiyekihitaji. Uamuzi wa kuufuta ukurasa wa Kiswahili kwa hoja kwamba hauombwi husimama juu ya hesabu hiyo, na mpishi wa Ushongo hakuhesabiwa humo hata mara moja.