Jirani Anapokosekana: Ukali na Uwenza wa Sikilidi Wadogo Katika Tangi

Mfugaji hununua sikilidi wadogo wawili wa jenasi ya Julidochromis, dume na jike, akawaweka peke yao katika tangi safi lenye mawe machache. Ameondoa kila kinachoweza kuwasumbua. Kwa wiki kadhaa wanaogelea ubavu kwa ubavu na kulala pango moja. Kisha asubuhi moja mmoja wao anakutwa amejibanza juu kabisa, nyuma ya hita, mapezi yamechanika, na mwenzake anazunguka chini akimsubiri ashuke.

Wafugaji wa samaki wa mapambo wanalijua tukio hilo, na wengi hulaumu maji, chakula au ubaya wa samaki mwenyewe. Makala hii inaupelekea lawama upweke. Hoja yake ni kwamba kwa sikilidi wadogo, ukali dhidi ya majirani ni sehemu ya kinachowashikanisha dume na jike, hivyo tangi lisilo na jirani laweza kuwa la hatari kuliko lenye majirani.

Sikilidi ni ukoo wa Cichlidae, walimo sato, perege na furu. Ziwa Tanganyika peke yake lina zaidi ya aina 200 za ukoo huu, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mkazi wa Kigoma anawafahamu zaidi dagaa na migebuka, kwa kuwa ndio wanaofika sokoni. Wadogo wa miambani na mchangani hawatoshi kitoweo, lakini kwa miongo mingi wamesafirishwa wakiwa hai hadi kwenye matangi ya Ulaya, Japani na Marekani.

Mdogo kuliko karibu wote ni Neolamprologus multifasciatus. Dume hukaribia sentimita 5 tu na jike ni mfupi zaidi. Makazi yake ni magamba matupu ya konokono Neothauma tanganyicense, ambayo katika baadhi ya maeneo yametandaa chini ya ziwa kama kokoto. Kundi huchimba mchanga, likayafukua magamba, kila samaki akawa na lake la kukimbilia, na jike hutaga ndani ya la kwake. Ugomvi wa huko ni wa kila siku, hasa jike mgeni anapotaka kuhamia: majike wenyeji humshambulia. Carsten Schradin na Jürg Lamprecht, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, walionyesha kwamba dume huingia kati na kuwaamua. Akiondolewa, wenyeji humzidishia mgeni mashambulizi. Kiumbe asiyezidi kidole ana kazi ya kusuluhisha! Mfugaji anayemtoa dume huyo kwa kuwa “ndiye mkorofi” amemtoa mpatanishi wa mtaa.

Ukali huu pia haupigi ovyo. Neolamprologus pulcher, anayeishi kusini mwa ziwa hilo kwa familia kubwa zenye wasaidizi wa kulea, humtambua jirani kwa sura. Mwaka 2015 Masanori Kohda na wenzake nchini Japani walitengeneza picha zilizochanganya uso wa samaki mmoja na mwili wa mwingine. Samaki walimkazia macho zaidi, na kwa mbali zaidi, yule mwenye uso mgeni, hata mwili ukiwa wa jirani waliyemzoea. Utambuzi huo huchukua chini ya nusu sekunde. Jirani anayejulikana huvumiliwa, mgeni huandamwa. Kwa hiyo kubadilisha wakazi wa tangi kila wiki ni kuwalazimisha samaki kuanza vita upya kila wiki.

Aliyeifanya hoja ya jirani ijulikane ni Konrad Lorenz wa Austria, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu ukali wa wanyama, alieleza jinsi dume wa sikilidi anavyomkabili mwenza wake kwa kishindo, kisha akampita na kumshukia jirani. Jirani akiondolewa, kishindo kile humwangukia jike, pengine hadi kumuua. Dawa ilikuwa kugawa tangi kwa kioo na kuweka jozi nyingine upande wa pili. Kioo kilipofunikwa na mwani, madume walianza kuwa wakali kwa wenza wao. Mwaka 1969 Anne Rasa alichapisha majaribio kuhusu Etroplus maculatus, sikilidi wa India na Sri Lanka, na matokeo yake yakaunga mkono kwamba kutengwa huidhuru jozi. Maelezo ya Lorenz kwamba hasira hujaa ndani ya mnyama kama maji ya mtungi yamepingwa sana, na kwa haki. Alichokiona kwenye kioo, hata hivyo, wafugaji bado wanakiona.

Mwenza naye si yeyote tu. Watafiti wa Dijon, Ufaransa, walichapisha mwaka 2019 jaribio la sikilidi mwenye milia wa Amerika ya Kati, Amatitlania siquia. Majike waliotenganishwa na dume waliyemchagua, wakapewa mwingine, walisita zaidi mbele ya kisanduku ambacho hawakujua kama kina chakula, kana kwamba wametarajia mabaya.

Ndiyo maana jozi ya dukani, iliyopangwa na muuzaji, ni bahati nasibu. Heri kununua vifaranga sita hadi wanane wa aina moja, wakue pamoja, wachaguane wenyewe, na waliobaki wahamishwe kabla hawajaumia. Kwa wale wa magambani, magamba yawe mengi kuliko samaki. Wakati wa kusafisha tangi la Julidochromis mawe yasiguswe, kwani jozi nyingi huvunjika baada ya mapango kupangwa upya: mipaka imefutika na kila mmoja anaidai upya. Jozi ikianza kuchafuka, iwekewe kioo na majirani nyuma yake, na kioo hicho kisuguliwe mwani mara kwa mara, pande zote mbili.